Kompyuta Kuukuu na Siri za Mtu

Katika nchi za Marekani na Ulaya wako watu, si wengi, ambao wameziacha kwa makusudi kompyuta mpya zinazouzwa madukani. Badala yake watumia mashine zilizotengenezwa miaka 20 iliyopita na zaidi, tena si za ukoo ulioenea, bali za ukoo uliokwisha kuachwa na watengenezaji wake. Kwa mashine hizo hufanya kazi zao za kila siku: huandika barua, huweka hesabu, husoma habari, husikiliza muziki. Ukiwauliza sababu, wengine watajibu kwamba ni mapenzi tu ya vitu vya kale. Lakini wengine watatoa neno zito zaidi: kwamba wataka mahali ambapo siri zao zitakaa salama, na mashine mpya hawaziamini.

Neno hilo lastahili kupimwa na watu wenye kufikiri, maana ndani yake mna swali lisilowahusu mafundi peke yao. Je, mtu aliyenunua kitu kwa fedha yake ana haki ya kudai kwamba kitu hicho kimtumikie yeye, kisimtumikie mwingine? Na ikiwa haki hiyo hakupewa, yampasa kufanya nini: ajifiche, au adai?

Ili tupate kuelewana, yafaa kwanza tueleze maana ya koo za kompyuta. Kila kompyuta ina prosesa, ambayo ndiyo akili yake ya kuhesabu, na kila prosesa ina lugha yake ya amri. Programu iliyotungwa kwa lugha ya ukoo mmoja haifahamiki kabisa na ukoo mwingine, kama vile barua ya herufi za Kiarabu isivyofahamika na mtu asomaye herufi za Kirumi tu. Ukoo ulioenea mezani na maofisini ulianza mwaka 1978, Intel ilipotoa prosesa iitwayo 8086, na wazao wake wangali wakitawala. Lakini zamani palikuwa na koo nyingine nyingi: SPARC ya Sun, Alpha ya Digital, MIPS, na PowerPC iliyotokana na mapatano ya Apple, IBM na Motorola ya mwaka 1991. Apple ilianza kuuza kompyuta za PowerPC mwaka 1994, ikaendelea nazo hata Juni 2005, Steve Jobs alipotangaza mbele ya watunga programu kwamba kampuni yahamia Intel. Mwaka 2006 uhamisho ule ulikwisha, na mfumo endeshi wa mwisho wa Apple kuzikubali mashine za PowerPC ulitoka mwaka 2007. Tangu hapo PowerBook na Power Mac zimekuwa kama yatima. Nasi tutazitumia hizo kuwa mfano wetu, kwa kuwa ziliuzwa nyingi, na hata leo zapatikana mikononi mwa watu.

Sasa tusikilize hoja za wenye kuzitumia.

Hoja ya kwanza ndiyo nzito kuliko zote. Kwa muda wa miaka 15 na zaidi, Intel imekuwa ikitia ndani ya mashine zake kompyuta nyingine ndogo iitwayo Management Engine. Kompyuta hiyo ndogo ina programu yake yenyewe. Haitawaliwi na mfumo endeshi wa mwenye mashine. Tena huweza kuwa macho hata mashine kubwa imezimwa, maadamu umeme haujakatwa. AMD nayo hutia kitu cha namna hiyo katika prosesa zake. Makusudi yaliyotajwa si mabaya: kulinda mashine inapowashwa, na kuwawezesha mafundi wa kampuni kubwa kutengeneza mashine nyingi wakiwa mbali. Lakini mnunuzi hapewi maandishi ya programu hiyo ayasome, wala haonyeshwi njia ya kuiondoa. Ni kama mtu aliyejengewa nyumba, kisha akaambiwa kwamba nyuma ya ukuta mna chumba kidogo na mtumishi ndani yake, na kwamba mtumishi huyo ni mwema, ila mwenye nyumba asifungue mlango wake.

Mwaka 2017 wachunguzi walikuta kwamba kompyuta hiyo ndogo yaendeshwa na MINIX. Mfumo huu uliandikwa na Andrew Tanenbaum, mwalimu wa chuo kikuu huko Amsterdam, akautoa mwaka 1987 ili wanafunzi wake wapate kujifunza jinsi mfumo endeshi unavyofanya kazi. Kazi ya mwalimu ilikuwa imeingia katika mashine nyingi mno duniani, na mwenyewe hakuambiwa. Aliandika barua ya wazi akisema kwamba kwa sheria Intel haikuwa na wajibu wa kumwambia, lakini ingalikuwa adabu njema kumpa habari. Twaona kwamba katika jambo hili dogo mna mfano wa lile kubwa: yaliyofanywa hayakuvunja sheria, lakini yalifanywa bila watu kuambiwa.

Mwaka huohuo, mwezi wa Mei, ilitangazwa kasoro katika sehemu ya kompyuta hiyo itumikayo kuongoza mashine kwa mbali. Mtu asiye na neno la siri aliweza kupeleka jibu tupu, lisilo na herufi hata moja, na mlango ukamfungukia. Kasoro hiyo ilikuwamo katika mashine zilizotolewa tangu kama mwaka 2010. Ni haki kusema kwamba si kila mashine iliyokuwa hatarini, ila zile ambazo kazi hiyo ya mbali ilikuwa imewashwa. Lakini wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Na kwa miaka ile yote wenye mashine hawakujua hata kwamba nguo yao ina mfuko. Mashine za PowerPC hazina chumba hicho cha nyuma, kwa kuwa ziliachwa kabla desturi hiyo haijaenea.

Hoja yao ya pili yahusu programu za wizi, ziitwazo virusi. Mwizi huandika kwa lugha ya ukoo wenye watu wengi, kwa sababu huko ndiko kwenye mavuno. Programu yake iliyotungwa kwa lugha ya Intel ikifika katika PowerPC, haiwezi kutembea hata hatua moja.

Hoja ya tatu ilipata nguvu Januari 2018, zilipotangazwa kasoro mbili zilizoitwa Meltdown na Spectre. Prosesa za siku hizi, kwa ajili ya kutaka mwendo, hazingoji amri zifike. Hubashiri litakaloamriwa na kulifanya kabla, na zikiwa zimekosea hulifuta. Basi ilionekana kwamba hata baada ya kufutwa yabaki alama, na mjanja aweza kuzisoma alama hizo akapata siri ambazo hakuruhusiwa kuziona. Mbio zilizosifiwa kwa miaka 20 ndizo zilizoufungua mlango. Prosesa sahili, zisizobashiri namna hiyo, zilisalimika. Kwa mfano, zile zilizokuwa katika kompyuta ndogo za Raspberry Pi za wakati huo.

Na hoja ya nne ni ya uwekevu. Kuandika barua hakudai mashine mpya kila miaka mitatu. Herufi zilizoandikwa mwaka 2004 ni herufi zilezile za leo. Watu hawa husema, kama wasemavyo wazee wetu, usiache mbachao kwa msala upitao.

Hizo ndizo hoja zao, nasi twaona zina ukweli ndani yake. Lakini mwenye kupima kwa haki hutazama upande wa pili wa mizani pia.

Kwanza, hiyo hali ya kuwa mgeni wa lugha humlinda mtu na mwizi apitaye njiani akijaribu kila mlango. Haimlindi na adui amtafutaye yeye hasa. Lugha ya PowerPC si siri. Imeandikwa katika vitabu ambavyo yeyote aweza kuvisoma. Mwaka 1883 mwalimu mmoja aliyekaa Ufaransa, Auguste Kerckhoffs, aliandika juu ya maandishi ya siri ya jeshi, akafundisha kanuni ambayo haijapingwa hata leo: usalama usitegemee kufichwa kwa namna ya chombo, bali utegemee ufunguo tu, hata chombo chenyewe kikianguka mikononi mwa adui. Atumainiye kwamba adui hajui mashine yake atumainia uvivu wa adui. Uvivu huo waweza kudumu miaka mingi, nao waweza kwisha usiku mmoja.

Wala si kila kitu cha ukoo mwingine kilichosalimika mwaka 2018. Prosesa za POWER za IBM, ndugu zake PowerPC, zilikutwa na kasoro zilezile za kubashiri. Basi kuwa nje ya ukoo mkubwa si kinga kwa kuwa tu ni nje.

Pili, liko jambo ambalo wengi hawalifikiri. Mtu avaaye nguo ya ajabu sokoni huonekana kuliko wote. Kivinjari cha intaneti, kila kiendapo, hutaja jina lake na jina la mfumo wake, pamoja na mambo mengine mengi madogomadogo. Mwaka 2010 shirika la Marekani liitwalo Electronic Frontier Foundation lilitoa matokeo ya uchunguzi wa vivinjari 470,000 na zaidi, likaona kwamba zaidi ya 8 katika kila 10 viliweza kupambanuliwa na vingine vyote kwa alama hizo tu, bila kuuliza jina la mtu. Ikiwa watu wa mashine za kawaida hupambanuliwa hivyo, itakuwaje kwa mtu ambaye mashine yake yatangaza kwamba ni PowerPC, labda peke yake katika mji mzima? Mwenye kutaka kujificha katika kundi hana budi kufanana na kundi. Mashine ya pekee yaweza kulinda yaliyomo sandukuni, na papo hapo ikamtangaza mwenye sanduku.

Tatu, nyumba isiyotiwa udongo mpya huvuja. Mashine iliyoachwa na mtengenezaji wake haiponywi kasoro zake. Mwaka 2010 alitokea fundi mmoja wa Marekani, Cameron Kaiser, akajitwika kazi ya kuifanya Firefox iendelee kutembea katika PowerPC baada ya wenyewe kuiacha, akaita kazi yake TenFourFox. Aliendelea nayo kwa miaka 11, akaifunga mwaka 2021. Twamheshimu kwa saburi yake. Lakini tazama jinsi usalama wa watu wengi ulivyokuwa umetundikwa katika saa za mapumziko ya mtu mmoja. Tena mwaka 2020 vivinjari vikubwa viliacha kuzikubali njia mbili za zamani za kufunga mazungumzo ya intaneti, na tarehe 30 Septemba 2021 ulikwisha muda wa cheti kimoja cha shina ambacho mashine nyingi za zamani zilikitegemea. Siku hiyo mashine zisizotunzwa ziliona milango mingi imefungwa mbele yao. Na zile kadi za kwanza za intaneti isiyo na waya zilitoka kiwandani na kufuli liitwalo WEP, ambalo wataalamu walilivunja tangu mwaka 2001. Mtu atumiaye kufuli hilo hadi leo, huku akijisifu kwamba hana Management Engine, ni kama aliyeziba tundu la panya akaacha mlango wa mbele wazi.

Kweli, liko jibu juu ya hili. Mifumo endeshi kama NetBSD na OpenBSD ingali ikitolewa kwa mashine za PowerPC, tena yatunzwa na watu waangalifu, na maandishi yake yasomeka na wote. Mwenye kutia mfumo huo amekwisha kutoka katika hali ya uyatima. Lakini kazi hiyo yataka elimu na muda, na si kila mtu anavyo.

Nne, na hili ndilo litupasalo kulitafakari kwa kirefu, siri nyingi za watu wa siku hizi hazivuji kwa mlango wa prosesa. Zatolewa na wenyewe kwa mikono yao: kwa simu iliyo mfukoni mchana kutwa, kwa picha zilizopelekwa kwa watu wasiojulikana, kwa masharti yaliyokubaliwa bila kusomwa. Mtu aweza kuandika shajara yake katika PowerBook ya mwaka 2004, kisha akaacha simu yake imjulishe mfanyabiashara saa aliyotoka nyumbani, duka aliloingia, na mgonjwa aliyekwenda kumtazama. Huyo amebadili chombo, hakubadili mwenendo. Faragha ni tabia kabla haijawa chombo.

Hata hivyo tusifanye haraka kuwacheka watu hawa. Mwaka 1984 Ken Thompson, mmoja wa waliotunga Unix, aliwaonyesha mafundi wenzake kwamba hata ukisoma programu yote, neno kwa neno, waweza bado kudanganywa na chombo kilichoifasiri programu ile kuwa lugha ya mashine. Maana yake ni kwamba hapana mtu awezaye kujikagulia kila kitu mwenyewe. Mwisho wa uchunguzi wote pana mtu au watu ambao huna budi kuwaamini. Basi swali si kama tuamini au tusiamini. Swali ni nani, na kwa sababu gani. Amwaminiye mwenzake anayekubali kuulizwa yuko katika hali moja, na amwaminiye anayekataa kuulizwa yuko katika hali nyingine. Wale wenye kompyuta kuukuu, hata wakikosea juu ya dawa, hawakukosea juu ya ugonjwa. Wamekataa kumwamini asiyetaka kuulizwa, na kukataa huko ni kwa haki.

Sasa tufike kwenye kiini cha shauri letu. Twaona yafaa kutofautisha siri za namna mbili: siri zangu, na siri za watu nilizowekewa. Siri zangu ni mali yangu. Nikitaka kuzitia katika mashine ya mwaka 1999, au katika daftari, au nizichome moto, ni juu yangu. Na nikipata hasara, nimepata mimi. Lakini mwalimu ana alama za wanafunzi na habari za nyumba zao. Mganga ana magonjwa ya watu. Mtunza hazina wa chama ana hesabu za wanachama. Hizo ni amana. Mwenye amana hana ruhusa ya kufanya majaribio kwa mali ya watu, wala kwa kupenda vya kale wala kwa kupenda vipya. Ikiwa mashine yake kuukuu haiponywi kasoro zake na imeunganishwa na intaneti, amefanya kosa, hata nia yake iwe safi kama maji ya chemchemi. Na ikiwa ametia amana hiyo katika mashine mpya bila kuuliza ni nani awezaye kuisoma, naye amefanya kosa lilelile. Kenya tangu mwaka 2019, na Tanzania tangu mwaka 2022, zina sheria zimtakazo atunzaye habari za watu azilinde. Lakini hata kabla ya sheria, amana ilikuwa amana.

Liko na jambo la pili la kupimwa. Kujificha peke yako, je, ni wema? Mwenye elimu ya kutia OpenBSD katika mashine ya zamani ataokoka, labda. Mwenye fedha nyingi aweza kununua mashine kama Talos II ya kampuni ya Raptor ya Marekani, yenye prosesa ya POWER9, iliyoanza kupelekwa kwa wanunuzi mwaka 2018, na ambayo programu zake za ndani zasomeka na mwenye kununua. Bei yake ni maelfu ya dola. Lakini fundi cherehani, mkulima na mwanafunzi watabaki pale pale, wakitumia kile kilichopo dukani. Ikiwa faragha ni haki ya mtu kwa kuwa ni mtu, haiwezi kuwa haki ya mafundi na matajiri tu. Wenye kujua wakijichimbia shimo wakakaa kimya, wamejiokoa wenyewe, na wamewaacha wengine bila msemaji. Wakitumia mashine zao za kale na huku wakisema kwa sauti, wakieleza, wakidai watengenezaji wafungue kile chumba cha nyuma kikaguliwe, hapo uchache wao ni faida kwa wengi. Mfano mwema uko tayari: mwaka 2010 walimu na wanafunzi wa chuo kikuu cha Berkeley walianza kutunga lugha ya prosesa iitwayo RISC-V, wakaiacha wazi, mtu yeyote aitumie bila kulipa na bila kuomba ruhusa. Lugha iliyo wazi haimhakikishii mtu kwamba chombo chake ki safi, lakini huondoa udhuru wa wale wasemao kwamba haiwezekani kufanya mambo mbele ya watu.

Basi tukiulizwa neno la mwisho, tungesema hivi. Mwenye kompyuta ya kale iliyo nzima asiitupe. Aitoe katika intaneti, aitumie kwa kuandika, kwa kuhesabu, kwa kutunza yale ya moyoni mwake. Mashine isiyozungumza na mtu yeyote haiwezi kumsaliti mwenyewe kwa njia ya waya, na ukimya wake wasaidia hata fikira kutulia. Kwa mambo ya benki na ya amana za watu, atumie mashine inayoponywa kasoro zake, ya ukoo wowote. Asijidanganye kwamba ugeni ni ngome. Tena asikubali kuambiwa kwamba ni mwendawazimu kwa kuuliza nani yuko nyuma ya ukuta wa nyumba aliyoilipia.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Zamani maneno haya yalimsifu kata, maana yeye peke yake ndiye aliyeingia mtungini akatoka bila kusema. Siku hizi mitungi yetu ina kata nyingi, nyingine hatukuzitia sisi. Ndugu msomaji, kabla hujaingiza siri ya mtu katika mtungi wako, uhesabu kwanza kata zilizomo.